Shogi la Mama Mkunga

Naapa kwamba kila neno la kisa hiki ni kweli tupu. Atakayenishika na uongo hata mmoja, nitafagia karakana ya mshona turubai wiki nzima, pamoja na kiuno changu hiki kibovu.

Katika karakana hiyo alikuwepo binti wa miaka kumi na miwili. Shingoni haukumtoka ule utepe wa kupimia ambao mafundi huuita futi, basi naye watu wakamwita Futi. Kila alipotoka shule alivua sare, akaokota vipande vya turubai chini ya cherehani, kisha akamtungia mama yake uzi kwenye sindano. Mama alishona vifuniko vya malori, viti vya pikipiki na mifuko ya kila namna, na Futi alikuwa jicho lake la pili.

Halafu akaja binamu, binti wa mjomba, kuishi nao. Walikuwa rika moja. Binamu alikuwa mpole, na mikono yake ilishika kazi haraka. Mama akaanza kusema, "Mwite binamu yako aione hii." Kila aliposema hivyo, Futi alihisi kama amemeza kipande cha sabuni.

Jumatatu moja mkunga wa zahanati aliegesha pikipiki yake ndogo mlangoni.

"Fundi, nina pikipiki mbili na mzigo mmoja," alisema. "Hii ndogo ni ya mjini. Ile ndefu ya zahanati ni ya kupandia milimani. Sanduku la bati limefungwa kwa bolti kwenye hii, halitoki. Nikipanda ile, mizani ya watoto naining'iniza shingoni kama mchuuzi anayekimbizwa."

"Wewe unataka mfuko laini wa kuhamahama," mama alisema. "Haya wasichana, kila mmoja anichoree wake. Utakaonipendeza ndio nitakaoushona."

Futi alichora mfuko wenye vifuko saba, unaoshikwa chini ya kiti kwa bolti nne. Binamu alichora mifuko miwili iliyounganishwa kwa mikanda mipana, ya kutupwa juu ya kiti kama shogi la punda, mmoja kulia, mwingine kushoto, yenye bizimu za kukazia na kulegezea.

Mama aliweka chaki juu ya mchoro wa binamu. "Wako ni mzuri, mwanangu, ila ukishafungwa, umeolewa na pikipiki moja. Huu unautupa, unakaza, unaondoka."

"Asante, shangazi," binamu alisema kwa sauti ndogo.

Futi alinuna. Alinuna mpaka maziwa yakaganda jikoni bila kuguswa na mtu.

Binamu alipima kwenye pikipiki ndogo, maana ile ndefu ilikuwa zahanati. Jumatano, akitoka shule, Futi aliikuta ile ndefu imeegeshwa kwenye uzio wa zahanati. Akasimama. Bomba lake la moshi halikupita chini kama la ile ndogo. Lilipanda juu upande wa kulia, pale pale ambapo mfuko ungening'inia. Futi alipima mara mbili, akauviringisha utepe wake, akaenda nyumbani.

"Umechelewa," mama alimwambia. "Kuna jambo?"

"Hakuna, mama."

Siku zote zilizofuata alitazama shogi likishonwa, na moyoni alishaliona linafuka moshi, watu wakisema laiti tungeuchagua wa Futi.

Jumamosi mkunga alifika mbiombio na ile ndefu. Huko mlimani kulikuwa na mama ameshikwa na uchungu wa kujifungua. Shogi likatupwa juu ya kiti. Mkunga akapakia vitambaa safi, glavu na mizani, akawasha.

"Kazi umeifanya, binti," alimwambia binamu.

"Si peke yangu. Futi ndiye aliyenifundisha kushika utepe. Nilipokuja hapa nilikuwa napima kwa viganja."

Futi aliisikia ile sabuni tena, safari hii ikipanda juu.

"Zima, mama mkunga," alisema. "Zima kwanza. Litaungua."

Mama alipiga magoti. Pembe ya shogi ilikuwa imelala juu ya bomba, na turubai lilikwishapata joto.

"Ulijua tangu lini?"

"Jumatano."

"Na leo ni siku gani?"

"Jumamosi, mama."

Mkunga aliutazama mlima, na hilo lilimuuma Futi kuliko kofi.

"Kulia lipande vidole sita," Futi alisema, machozi yakimlenga. "Na nyuma lifungwe kwenye keria, lisicheze."

Binamu akakaza bizimu, Futi akakata kamba, mama akashona kitanzi. Dakika ishirini, mkunga akaondoka. Mtoto wa mlimani naye alikuwa mstaarabu: alisubiri mkunga anawe mikono, ndipo akazaliwa.

Jioni mama alimkalisha Futi kwenye kiti cha cherehani.

"Wivu hata mimi huniingia nikiona foleni kwenye duka la fundi mwenzangu," alisema. "Sikulaumu kwa kuuona. Lakini kile kipimo hakikuwa siri yako. Kilikuwa cha yule mama aliyekuwa akisubiri msaada. Ukijua jambo la kumkinga mtu na hatari, liseme, hata kama sifa zitakwenda kwa mwingine."

"Nimekosa, mama." Futi akamgeukia binamu. "Nisamehe."

"Nionyeshe vile vifuko vyako saba," binamu alisema. "Shogi langu halina hata pa kuweka kalamu."

Siku hizi Futi ndiye fundi wa karakana ile. Juzi nilimpelekea kisa hiki akisome. Alikisoma chote, akanitazama juu ya miwani.

"Babu, maziwa yaliganda?"

"Yaliganda."

"Maziwa yapi? Ulikuwa unakuja kwetu kila asubuhi, unakunywa chai ya rangi na kulalamika."

Leo ni siku yangu ya tatu na ufagio. Na Futi, kila nikimaliza, hupita nyuma yangu na utepe, anapima nilipobakisha.