Sentimita Sabini na Tatu

Waliokuwepo kwenye gereji ya Rugenge Jumamosi ile, saa nne asubuhi, ni hawa: Tambwe Bonaventure, fundi, Ildephonse Ndayiragije, mwenye pikipiki, Marie-Rose, mke wake, mwenye mimba ya miezi saba, na mimi, Jean-Berchmans Irankunda, karani mstaafu. Tambwe aliniomba niandike vilivyoharibika, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka.

Wiki moja kabla, Ildephonse alikuwa akimteremsha dada yangu Gloriose kutoka Rurambo. Gloriose alikuwa amekufa. Gari halifiki kule, kwa hiyo maiti alikalishwa nyuma ya dereva na kufungwa naye kwa kitenge. Katika ukoo wetu, maiti wa safari huambiwa kila hatua na mtu wa damu yake: mama, panda, mama, tunavuka mto, mama, tumefika, shuka. Nilikuwa nyuma yao kwa pikipiki nyingine. Kwenye kona yenye tope Ildephonse aliteleza, wakaanguka. Watu walikata kitenge, wakambeba Gloriose kwa machela mpaka kaburini. Mimi, mtu wake wa damu, sikumwambia hata ashuke. Mafrere, watawa walionifundisha shuleni, waliyaita mambo hayo ushenzi.

Niliandika: usukani umepinda, taa ya mbele imevunjika, resori za nyuma, zinazobeba kiti, zimelegea.

"Ilde, moto yako iko nalala nyuma," Tambwe alicheka, akiipiga pikipiki kofi kwenye kiti. "Uliilisha bugali?"

Alipima. Kiti cha pikipiki ya aina ile, ikiwa tupu, kiko sentimita sabini na nane kutoka chini. Hiki kilikuwa sabini na tatu. Akafunga resori mpya. Sabini na nane. Tukatazama. Kiti kikashuka taratibu, kama mtu aliyechoka anavyokaa.

Sabini na tatu.

Tambwe hakucheka tena. Alikalia pikipiki yake mwenyewe, ya aina ile ile, akaniambia nipime. Sabini na tatu. Uzito wa mtu mmoja.

Marie-Rose alinisogelea. "Papa," alinong'ona, "umuambie ashuke. Weye ndiye wa damu."

"Ni resori mbovu."

"Ziko mpya, mzee," Tambwe alisema chini chini.

"Papa, nakuomba. Ni neno moja tu."

Neno nililijua. Wote walinitazama. Nilifunika kalamu yangu.

Ildephonse alipanda, akaondoka kuelekea Kalundu. Shati lake lilikuwa limembana tumboni, kama lililofungwa kwa kitambaa. Hapakuwa na kitambaa.

Jumatatu pikipiki ililetwa tena gereji. Haikuwa na mkwaruzo mpya hata mmoja. Tambwe aliisimamisha kivulini, ikiwa tupu, akanipa futi ya kupimia. Nilipima mara tatu. Nikaandika chini ya mstari wa Jumamosi: sitini na nane.

Ildephonse Ndayiragije alikufa Jumapili, saa tisa alasiri, kwenye njia ya Kalundu.