Kondoo wa Mjomba na Majani ya Chumvi

Mwaka 1955 kiangazi kilikuwa kikali huko Makote, wilayani Newala. Kila alasiri, Veridiana akitoka shuleni, alichukua panga na kamba akateremka bondeni kukata majani ya mkunazi. Nyasi zote zilikuwa zimekauka, na majani hayo ndiyo yaliyomlisha kondoo jike ambaye Mjomba Anselmo alimwachia amtunze. Kondoo alikuwa na mimba, na Mjomba alikwisha kuahidi: "Akizaa salama, mtoto ni wako."

Lakini bondeni ni mbali, na mkunazi una miiba. Siku moja Veridiana aliutazama mkorosho uliokuwa nyuma ya nyumba, umejaa majani tele.

"Majani ni majani tu," alisema, akavunja matawi mawili.

Kondoo alinusa, akageuza uso. Veridiana akubali kushindwa na kondoo? Thubutu! Aliyanyunyizia maji ya chumvi, na mnyama akala yote. Tangu siku hiyo msichana wetu alipata muda mwingi wa kucheza rede na wenzake.

Baada ya wiki mbili Mjomba alikuja kumtazama kondoo wake. Tumbo lilikuwa limejaa, lakini mifupa ya mgongo ilihesabika.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Huyu anakula kweli?"

"Anakula sana!"

"Majani ya wapi?"

"Ya... ya bondeni."

Mjomba aliokota kinyesi cha kondoo, akakipasua kwa kijiti. Ndani mlikuwa na vipande vigumu vya majani, kana kwamba havikupita tumboni. Kisha akaishika mikono ya Veridiana, akaigeuza huku na huku. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Basi anaumwa," alisema taratibu. "Kesho nitampeleka kwa mchinjaji kabla hajafa."

Veridiana aliangua kilio. "Usimchinje, Mjomba! Haumwi. Ni mimi! Nimempa majani ya mkorosho, nikayatia chumvi ayale."

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. "Chumvi! Nilijua kuna jambo, ila hilo la chumvi sikuliwaza. Sikiliza. Majani ya mkorosho yaliyokomaa ni magumu na makali, tumbo la kondoo haliyasagi vizuri. Yanaingia na kutoka, naye anabaki na njaa. Ya mkunazi husagika, yakawa nyama na maziwa."

Kesho yake Veridiana aliteremka bondeni, na siku iliyofuata vilevile. Aliona aibu, lakini hakukosa hata siku moja. Mwezi mmoja baadaye kondoo alizaa mtoto mweupe mwenye masikio meusi. Veridiana aliruka kwa furaha.

Mjomba aliitazama tena mikono yake, safari hii imejaa mikwaruzo.

"Mchukue, ni wako," alisema akitabasamu. "Ila kumbuka: mimi waweza kunidanganya kwa maneno, na mdomo wa kondoo ukaudanganya kwa chumvi. Tumbo lake halidanganyiki."