Nyumba Isiyosalimiwa

Asubuhi kisima cha Busambo kilikuwa na kelele kuliko gulio. Wanawake waliteka maji, wakacheka, wakasemana. Kulikuwa na habari ya ndoa, habari ya sabuni iliyoadimika dukani, na habari ya mbuzi aliyekula kanga ya mke wa katekista. Mara Anisia akatokea na ndoo yake. Kelele zikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Mwangaluka!" Anisia akasalimu, kama Wasukuma wanavyosalimiana asubuhi.

Hakuna aliyeitikia. Mmoja alitazama mawingu kana kwamba yamemwita. Mwingine alikagua kucha za miguu yake. Anisia alisubiri mpaka wote wakaondoka, ndipo akateka maji peke yake.

Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanatii amri. Baada ya pamba kuuzwa, kijiji kilicheza ngoma. Vijana wa upande wa Juu na vijana wa upande wa Bondeni wakaanza kutaniana. Utani ukawa matusi, na matusi yakawa fimbo. Ignas wa Juu, mtoto wa pekee wa Anisia, alimpiga Felician wa Bondeni akamvunja mkono. Mkutano wa kijiji ukaamua: nyumba ya Anisia itengwe. Wasisalimiwe. Wasipewe moto. Wasisaidiwe kulima. Atakayezungumza nao atatozwa mbuzi.

Watu wa Busambo wanapenda sana kusalimiana. Lakini, tuseme kweli, wanapenda mbuzi zaidi.

Anisia alikuwa mjane. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na Ignas. Siku hiyo alimkuta kijana ameketi nyuma ya nyumba, ananoa panga ambalo halikuwa na kazi.

"Mama, leo mbwa wa balozi Theonest ameniona," Ignas alisema.

"Akafanya nini?"

"Hakubweka. Nadhani na yeye anaogopa kutozwa mbuzi."

Anisia alicheka. Kicheko kilikuwa kifupi.

Wiki ile Ignas akaanza kurudi nyumbani na sigara. Kisha akarudi na shati jipya. Anisia alilishika kola.

"Hili umelitoa wapi?"

"Nimepewa na rafiki."

"Rafiki! Sisi tuna rafiki?"

Ignas aliinama. "Kuna mtu wa baiskeli. Hupita njia ya msituni. Ananiita jina langu, mama. Ananiuliza nimekula nini. Nilikuwa nimesahau raha ya kuulizwa."

"Na yeye anataka nini?"

"Anataka kujua zizi lenye ng'ombe wengi. Nimwonyeshe na njia ya kutokea. Siku ya gulio atakuja kuchukua jibu, wenzake wakimngoja msituni."

Anisia aliliachia shati. Akaketi chini. "Umemjibu?"

"Bado."

"Ignas, hao ni wezi wa ng'ombe! Wanaua watu hao!"

"Najua. Lakini wananisalimia."

Anisia alitoka nje. Angefanya nini? Angemwambia nani? Kila mlango wa kijiji ulikuwa umefungwa kwake. Akakaa akimtazama kuku wake akiparua majani. Kisha akasimama, akamkamata, akamweka kwapani, akaenda kwa Mzee Theonest.

Mzee Theonest alikuwa balozi wa nyumba kumi. Aliketi nje ya nyumba yake, akichonga mpini wa jembe kwa tezo. Alipomwona Anisia, akageuza mgongo haraka. Anisia akamweka kuku mbele yake.

"Kuku," akasema kwa sauti, "wewe hujatengwa. Nisikilize mimi."

Tezo iliendelea. Ko, ko, ko.

"Kuku, kuna mtu wa baiskeli. Anatafuta zizi la kuiba. Siku ya gulio atakuja kwa mwanangu kuchukua jibu. Mwanangu bado hajamjibu. Kuku, mimi naogopa."

Tezo ikasimama. Mzee akageuka. Akamtazama kuku, na kuku akamtazama yeye.

"Kuku," balozi akasema taratibu, "huyo mtu yuko peke yake?"

"Mwambie, kuku, anasema wenzake wanamngoja msituni."

"Na kwa nini kijana alimsikiliza mtu kama huyo?"

"Mwambie, kuku, ndiye mtu pekee anayemwita jina lake."

Kuku alichoka na maswali, akaenda zake. Wawili hao wakabaki hawana wa kupitishia maneno. Mzee Theonest akaweka tezo chini.

"Anisia," akasema. "Ingia ndani tuzungumze. Mbuzi wangu akienda, aende."

Anisia alisikia jina lake likitamkwa na mtu wa nje. Akalia pale pale mlangoni.

Asubuhi iliyofuata balozi alimleta Bibi Maendeleo wa kata, afisa wa serikali. Jina lake Ghati, mtu wa Mara, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Mkutano ukaitwa. Anisia na Ignas walikaa kando. Pembeni yao paliachwa nafasi kubwa, kana kwamba wana upele.

Balozi alieleza habari ya wezi. Watu wakaguna. Ghati akasimama.

"Nyumba hii mliitenga mpaka lini?" akauliza.

Watu wakatazamana.

"Hata jela mtu anaambiwa siku ya kutoka. Nyinyi hamkusema. Ignas, ungemjibu nini yule mtu?"

Ignas alisimama. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Sijui, mama. Jana nadhani ningekubali."

"Mmesikia?" Ghati akasema. "Kijana mliyemnyima salamu, wezi wamempa. Mlitaka kuzuia fujo, mkawapelekea wezi mwenyeji."

Mtu mmoja wa Bondeni akapaza sauti. "Kwa hiyo akivunja mikono ya watu, tumpe soda?"

"Soda yenyewe iko wapi siku hizi?" Ghati akajibu. Watu wakacheka. "Hapana, kosa lake alilipe. Felician, nani anakulimia msimu huu?"

"Hakuna," Felician akasema. Mkono wake ulikuwa bado umefungwa kwa kamba, tena umefungwa vibaya.

"Basi Ignas atalima shamba lako mpaka mkono upate nguvu. Na wewe kesho uende hospitali, kamba hiyo haiungi mfupa. Mkono ukipona, kosa limekwisha; salamu zirudi leo. Mmekubali?"

Wakakubali.

"Zamani mlikuwa na nsumba ntale, mkuu wa vijana. Aliwapangia kazi na kuwakemea. Yuko wapi?"

"Aliishia huko tulikohama," Mzee Theonest akasema. "Tulipoletwa kijiji cha ujamaa, watu wa Juu wakakaa kwao na wa Bondeni kwao. Vijana hawana kundi moja."

"Chagueni mmoja leo, na kundi lichanganyike. Ugomvi ukianza, uende kwake. Ukimshinda, uende kwa balozi, kabla mtu hajashika fimbo. Jioni kuna darasa la watu wazima. Taa ipo, mwalimu yupo, lakini viti vinasinzia. Misheni wana karakana ya useremala. Nitawaombea vijana nafasi. Na habari ya wezi iende kituo cha polisi leo hii. Msiwapige."

"Hata kofi moja?" mtu akauliza.

"Hata nusu."

Siku ya gulio polisi walimkamata mtu wa baiskeli njiani, na wenzake msituni. Walifika kituoni na meno yao yote. Hakuna ng'ombe aliyepotea.

Ignas akaanza kulima kwa Felician. Siku za kwanza hawakusemezana. Felician aliketi juu ya kichuguu akisimamia, plasta mpya ya hospitali ikimeta mkononi.

"Tuta lako limepinda," hatimaye akasema.

"Limefuata mkono wako."

Felician alitaka kukasirika, akashindwa. Walicheka mpaka jembe likaanguka.

Mvua zilipokolea, kundi jipya la vijana lilizunguka likilima shamba kwa shamba, Juu na Bondeni pamoja. Asubuhi moja Anisia alisikia nyimbo. Akachungulia. Vijana wengi walikuwa shambani kwake, majembe juu. Ignas na Felician walikuwa katikati, Felician akiimbisha kwa sababu mkono ulikuwa haujaruhusiwa kazi nzito.

Anisia alifurahi, kisha akashtuka. Wale watu watakula nini? Akatazama chungu chake. Kilikuwa cha watu wawili.

Akaenda kwa jirani yake, Mbuke. Alisimama mlangoni muda mrefu. Alikuwa amezoea kunyamaza, akawa hajui ombi linaanzaje.

Mbuke alitoka, akamwona. Akasikia nyimbo kutoka shambani. Akarudi ndani bila neno, akatoka na chungu kikubwa kichwani na mwiko mkononi.

"Tangulia, Mama Ignas," akasema. "Kaa la moto unalo, au nibebe?"