Kilima Juu ya Meza

Walikutana kwenye foleni ya duka la mbao, adhuhuri, misumeno ikilia hadi watu wanaelewana kwa ishara. Yeye mwanamke fundi seremala, ovaroli imejaa vumbi, penseli sikioni. Bwana aliyekuwa mbele yake alikuwa mpiga rangi wa mabango, shati jeupe lenye doa moja la buluu, na boksi la viatu alilolipakata kama mtoto. Likamponyoka. Wakamwagika askari wa bati, kila mmoja urefu wa kidole gumba.

"Jeshi lako limeshindwa kabla ya vita," Fundi akamwambia, wakiwaokota.

Kumbe bwana yule alikuwa akitafuta mtu wa kumtengenezea meza ya kuwachezea: mchezo wa vita wa watu wazima, wenye dadu na futi ya kupimia hatua. Meza iwe na kilima, mto, nyumba. Kilima gani? Chochote, alisema.

Wiki sita simu ikalia kila adhuhuri.

"Fundi wangu, nyasi zimeota?"

"Zimeota, Mteja. Mwenye shamba ndiye kapotea."

Hata baada ya kumbusu, Fundi aliendelea kumwita Mteja. Alikata povu gumu la plastiki tabaka juu ya tabaka, akalipiga msasa, akalinyunyizia vumbi la mbao lililotiwa rangi ya kijani, akapanga nyumba, daraja, tangi la maji na safu ya vyoo. Mteja alikaa naye karakanani, daima mgongo ukutani, macho mlangoni. Alipoulizwa kabla ya mabango alifanya kazi gani, alijibu za hapa na pale. Na tayari alikuwa ameahidi kwamba mjomba wake atapeleka posa kwa mama yake Fundi.

Meza ilipokwisha, Mteja akaanza kupanga askari. Watatu darajani. Wanne kwenye tangi la maji. Kisha, bila kufikiri, mmoja nyuma ya choo cha mwisho, kwenye upenyo wa upana wa kidole.

Ndipo Fundi alipoona kile mikono yake ilichofanya. Iliambiwa kilima chochote, ikatengeneza inachokijua: mtaa alikozaliwa, uliobomolewa miaka kumi na minane iliyopita kwa tangazo la kuhama ndani ya saa moja. Magazeti yaliandika kwamba wakazi walihama kwa hiari. Waliotia saini amri ile bado wanaamkiwa shikamoo. Na ule upenyo haukuwa kwenye ramani yoyote; waliujua waliokimbilia humo, na waliotumwa kuuziba.

"Nani alikuonyesha kwamba hapo pana njia?"

Mteja akautazama mkono wake kama si wake. "Nilikuwa na miaka ishirini," akasema. "Tuliamriwa tuuzibe."

"Mama yangu alipitia hapo. Mguu wake haukunjiki mpaka leo."

Siku nne Fundi hakupokea simu zake. Ya tano akapokea, akamwambia: Jumamosi waliobomolewa nyumba wanakutana, na meza itakuwepo. "Njoo uwapange askari wako mbele yao. Usipokuja, mwambie mjomba wako asihangaike."

Mteja alikuja, shati lile lile jeupe, jasho limelilowesha mgongoni. Ukumbini watu wakaizunguka meza. Akaweka watatu darajani, wanne kwenye tangi. Wa mwisho alimshika muda mrefu kabla ya kumsimamisha penye upenyo.

"Huyu ni mimi."

Mama yake Fundi akajikongoja hadi mezani. "Na mimi umeniweka wapi, mwanangu?"

Mteja akapekua boksi. Humo mlikuwa na askari tu.

Fundi akatoa kisu, akaokota kipande cha mbao, akaanza kuchonga. Hakumtazama Mteja, ila alisogea kumpisha nafasi kwenye benchi.

"Kaa," akasema. "Shika msasa. Kumchonga kila mtu wa mtaa ule kutachukua miaka."