Bi Mkubwa, Bi Mdogo na Sauti ya Tatu

Ilianza kwa neno moja. Muuguzi wa gari la wagonjwa alisoma jina la dawa kwenye kichupa, na kabla mwenzake hajajibu, kitu nyuma ya kiti kikasema, "Sahihi." Akadhani ni redio.

Dereva ndiye aliyewabatiza majina: muuguzi huyo Bi Mkubwa, kwa miaka kumi na minne aliyokaa humo, na mwenzake, binti mgeni, Bi Mdogo. "Gari ndilo mume wenu," alitania. Bi Mkubwa hakucheka. Sindano sasa zilikuwa za Bi Mdogo, sifa za Bi Mdogo, hata daktari wa zamu alimuulizia Bi Mdogo. Kila wivu ulipompanda, gari lilinuka waridi lililooza na sauti ileile ikamnong'oneza: "Mwache akosee. Mara moja tu."

Adhuhuri moja wakamkuta fundi wa paa aliyeshambuliwa na nyuki, uso umevimba, pumzi inakwama.

"Adrenalini, nusu miligramu, msuli wa paja," alisema Bi Mdogo, akainua kichupa ili mwenzake naye akisome, kama ilivyo lazima.

Hakikuwa cha adrenalini. Kilikuwa cha dawa ya moyo, kimefanana nacho kama pacha.

Bi Mkubwa akafungua kinywa, na harufu ya waridi ikamjaa hadi machozi yakamtoka, na baridi ikamshika taya kama mkono wa mtu, na kutoka nyuma yake, kwa sauti yake mwenyewe, na mkwaruzo wake uleule, akasikia, "Sahihi," naye Bi Mdogo akavunja kichupa, akavuta dawa, akaelekeza sindano pajani, na moyoni mwa Bi Mkubwa kitu kikafurahi.

Furaha ile ndiyo iliyomtisha. Akaudaka mkono wa binti.

"Si mimi niliyesema," alinong'ona. "Soma tena."

Bi Mdogo akasoma, akaitupa ile sindano. Wakachukua kichupa kingine, wakakisoma wote wawili, sindano ikaingia. Baada ya dakika chache fundi akavuta pumzi ndefu.

"Nilikuonea wivu," Bi Mkubwa alikiri walipomfikisha hospitali. "Kitu kikanisikia."

"Kwangu kinasema unataka niondoke. Tangu siku ya kwanza."

"Nilitaka."

Wakamleta mganga wa mashetani; akajifungia ndani ya gari, akasoma dua hadi jasho likamtoka. Harufu ikaondoka.

Siku hizi wauguzi hao wawili husoma dawa wakitazamana midomo. Mara nyingine midomo ya wote wawili imefungwa, na bado sauti husema kwa upole, "Sahihi." Husubiri inyamaze, kisha huanza kusoma upya.