Nyumba Iliyochorwa kwa Sindano

Magharibi ilikuwa inaingia niliporudi Mikindani kutoka kwa Erasto, fundi fremu wa Chikongola, picha ya Bibi nimeikumbatia. Kioo nilikikataa. Bibi Ashura alikuwa haoni tangu nikiwa msichana mdogo. Picha aliiangalia kwa vidole.

Ilikuwa picha ya nyumba ya mawe ya kina Bibi, iliyobomoka zamani. Mchoraji mmoja aliichora kwa sindano kwenye bati la shaba, akaichapa kwa wino mzito uliotuna juu ya karatasi. Vistari vifupi vilikuwa matumbawe ya ukuta, virefu vilikuwa boriti. Mlangoni mistari ilipishana, ikasongamana mpaka ikawa giza tupu. Giza lile nililipenda kuliko vyote.

Bibi aliipapasa akiwa kitandani, akicheka kidogo. "Hapa chokaa imebanduka. Hapa baraza… tulikuwa tukisukana." Vidole vikafika mlangoni. Vikasita.

"Shadya, mlango huu tuliupigilia misumari. Aliyekuwamo hakuwa mtu."

"Karatasi tu hiyo, Bibi," nikamtania, nikaenda jikoni kupuliza makaa.

Harufu ya popo ikanijia. Halafu, taratibu…

"Hodi."

Kwetu hodi ya magharibi haiitikiwi mpaka ibishwe mara tatu. Asiye mtu hafiki ya tatu. Nalijua hilo tangu utotoni, lakini mdomo umezoea.

"Karibu!"

Hakuna aliyesukuma mlango wa nje.

Ndipo nikatambua: hodi haikutoka nje. Ilitoka chumbani kwa Bibi.

Nilikimbia. Alikuwa ameketi palepale kitandani, picha mapajani. Nikashusha pumzi. Akainua uso, akanitazama.

"Kanga hiyo nyekundu imekupendeza."



Niliinyakua picha, nikapapasa mlango. Ndani ya giza palikuwa na vistari vipya, vyembamba, wino ungali mbichi. Kikongwe ameinama, mkono ukutani, anatafuta njia.

"Hodi…" karatasi ikanong'ona. Sauti ya Bibi yangu, aliyenilea. "Hodi…"

Nikaingoja ya tatu. Machozi yalikuwa yakinitoka.

Kiganja chenye mikunjo kikatua juu ya mlango ule, kikaufunika.

"Magharibi hii, mjukuu wangu," akasema yule wa kitandani, kwa upole. "Usiitikie."

Miaka imepita. Kila magharibi nasikia hodi mbili, na kila mara kiganja kile huwahi kabla ya ya tatu.