Tairi la Tano

Mwezi wa tisa, Bariadi haijui mvua. Vumbi linakaa hadi kwenye kope. Kwa hiyo Mayala alipofungua buti la gari lake la Pijo asubuhi moja na kukuta zulia limelowa chapachapa, kwanza aliangalia mbinguni, kisha akajicheka. Buti lilikuwa limefungwa kwa ufunguo na ndani hamkuwa na kitu ila tairi la akiba alilolinunua jana yake. Tairi lenyewe lilikuwa kavu. Akachovya kidole kwenye yale maji akanusa. Yalinuka tope la mto na maziwa yaliyochacha. Akayakausha kwa tambara, akasema moyoni kwamba ni watoto wa jirani. Mchana akafungua tena, yalikuwa yamerudi.

Mayala alikuwa dereva wa chama cha ushirika, enzi zile pamba ina mnunuzi mmoja tu. Walipoingia wanunuzi binafsi na malori yao, chama kikapunguza watu, naye akapunguzwa. Alichoondoka nacho ni gari alilokuwa akimwendeshea meneja, Pijo 404 nyeupe, iliyokuwa imekaa juu ya matofali muda mrefu kiasi kwamba kuku wa mlinzi walikuwa wakitaga kwenye kiti cha nyuma. Gari likahamia uani kwake, na Mayala naye akahamia ndani ya gari. Alikaa humo tangu chai ya asubuhi, mikono kwenye usukani, mdomo umefungwa. Akiitwa kula, alitaka aletewe humo humo.

Nyamizi, mkewe, alivumilia mpaka uvumilivu ukamshinda. "Hivi mimi nimeolewa na mtu au na bodi la gari?" alimwuliza. Akafunga khanga zake arudi kwao Nassa, lakini hakuondoka kwa matusi, maana alimpenda. Aliinama dirishani mwa gari akasema taratibu, "Siku litakapotembea, uje unichukue nalo. Nitakuwa nakungoja."

Mwanamume mwingine angepanda basi kesho yake. Mayala akaenda kutafuta matairi.

Biashara huria ilikuwa imejaza maduka. Mwanza matairi yalipangwa mpaka darini, ya Dubai, ya Japani, lakini karibu yote ni ya inchi kumi na tatu na kumi na nne, ya vigari vipya. Pijo ile inavaa inchi kumi na tano, upana mia na sitini na tano, na ringi yake ina matundu matatu tu ya nati. Alizunguka mpaka akapata manne yanayofanana hata mistari yake. La tano ndilo lililomtesa, na ringi ya akiba ya gari lile ilikuwa imepotea zamani. Hatimaye Constantine, muuza matairi wa Maswa, akamtolea moja kutoka nyuma ya duka.

"Ringi ndiyo yenyewe," Constantine alisema. "Tairi ni jembamba kidogo. Ukilifunga gari litachechemea, lakini litakufikisha kwa fundi."

"Niende ukweni na gari linalochechemea?"

"Kaka, spea ni ya kukutoa porini. Siyo ya kuposea."

"Watasema anayechechemea ni mimi," Mayala akajibu, akaondoka. Hapo ndipo alipokosea, na kilichokosea ni kiburi chake, si akili, kwa sababu akili ilikuwa imeshamwambia achukue.

Akasikia kwamba Nkololo kuna mji mmoja, yaani boma la wafugaji, wenye gurudumu la Pijo. Alipofika, mwenye mji hakuwepo. Alimkuta shemeji wa mwenye mji huyo, mwanamume aitwaye Shija, macho mekundu kwa pombe, akampeleka moja kwa moja kwenye zizi la ndama. Gurudumu lilikuwa limelazwa chini, safi kabisa, na katikati ya ringi kimewekwa kibuyu kidogo cha maziwa. Shija akakisukuma kibuyu kwa mguu. Maziwa yakamwagika.

"Mwenye mji yuko wapi?" Mayala aliuliza.

"Shambani. Kwani mimi si mtu wa hapa?"

Mtoto yeyote aliyechunga ng'ombe Usukumani anajua kwamba kitu hakitoki zizini kabla hujamsalimu mwenye mji. Mayala alichunga ng'ombe miaka yote ya utoto wake. Lakini aliinama akaona mia na sitini na tano, kumi na tano, mistari ile ile, mkono wa kiwanda kile kile, kana kwamba matairi matano yale yalizaliwa tumbo moja. Akalipa, akalipakia, akaondoka bila kumsalimu mtu.

Basi maji yakawa yanajaa butini kila siku. Akitoka kulijaribu gari barabara ya Maswa, kila kona alisikia nyuma yake yakibembea, chwaa, chwaa, kama ndoo kichwani kwa mtu anayetembea taratibu. Gari likaanza kuinama nyuma kama lililobeba magunia. Jioni moja, akiwa ameketi kwenye usukani uani kwake, nyumba nzima ikiwa giza kwa kuwa hapakuwa na wa kuwasha taa, akasikia mtu akishusha pumzi huko butini. Na kwa vile mwenye hofu hufanya mzaha, akasema, "Vipi huko nyuma, kwema?"

Maji yakatulia.

Ukweli lazima usemwe: Mayala alifurahi. Ilikuwa wiki nyingi hajasikilizwa na mtu. Akaanza kuzungumza. Akaeleza habari za chama, jinsi meneja alivyowaaga bila kuwaangalia usoni, jinsi alivyoona aibu kumtazama mkewe akiwa hana kazi, jinsi nyumba inavyolia upepo Nyamizi asipokuwepo. Maneno ambayo Nyamizi aliyaomba mpaka akachoka, alimpa tairi. Jioni iliyofuata akarudia, na iliyofuata. Mara akagundua kwamba akicheka, kuna mwingine anayecheka nyuma yake, kwa kuchelewa kidogo, kama anayejifunza. Akatoka, akafunga mlango wa gari. Lakini kesho yake akarudi tena garini, maana ndani ya nyumba kulikuwa kimya kuliko anavyoweza mtu kustahimili.

Ndipo akaja mwanamke mmoja mtu mzima, miguu imejaa vumbi, akasimama mbali na gari, karibu na mlango wa uani.

"Mwadila, baba," alisalimu.

"Mwadila, mayu. Karibu ndani, mama yangu."

"Siingii. Mimi ni Milembe wa Nkololo, mwenye ule mji. Shija amekuuzia mume wangu."

Mayala akataka kucheka, lakini uso wa yule mama haukuwa wa kuchekewa. Milembe akasogea kidogo, akasema kwa sauti ya chini, macho yakiwa kwenye buti. "Marehemu Luhaga alikuwa dereva. Mto Simiyu ulimchukua na Pijo kama hii, usiku wa mafuriko. Mwili haukuonekana. Mto ulirudisha gurudumu hilo tu. Mtu asiye na kaburi atalala wapi, baba? Akalala humo. Nikawa nampa maziwa kila asubuhi, akatulia."

"Nitakurudishia," Mayala akanong'ona. "Acha kwanza nimfuate mke wangu Nassa. Barabara ile ni mawe matupu, siwezi kwenda bila spea."

"Rudisha leo."

"Keshokutwa, mayu. Nakuapia."

Milembe akamtazama kwa huruma, na huruma ile ilimtisha kuliko hasira. "Basi mpe maziwa. Lakini maneno usimpe. Amekaa kimya muda mrefu, anatamani mtu. Atakayempa maneno, huyo amempa nyumba. Hujaongea naye?"

"Hapana," Mayala akadanganya.

Kesho yake akaondoka alfajiri kwenda Nassa. Alivaa shati la pasi. Gari liling'aa, halikuchechemea, na matumaini yalimjaa hata akapiga mluzi. Alipita Lamadi salama. Mbele ya hapo, jua likiwa utosini, mahali pasipo na mti wala mbuzi, tairi la mbele upande wa abiria likapasuka.

Alikaa kwenye kivuli cha gari akiwaza kungoja basi. Kisha akawaza Nyamizi, na baba mkwe Mzee Mboje, na majirani wote wanaosubiri kuona kama gari linatembea. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Akafungua buti. Gurudumu lilikuwa zito kama ndama aliyekufa. Akaliburuta, akalifunga, akakaza nati zote tatu.

Alipoondoka, nyuma kulikuwa kimya. Hakuna maji, hakuna pumzi, na buti limenyanyuka. Akamshukuru Mungu kwa sauti. Halafu springi za kiti cha abiria, kile kiti kilicho juu ya gurudumu lile, zikalia polepole kama zinavyolia mtu mnene anapoketi kwa uangalifu, na harufu ya tope ikajaa gari zima pamoja na ile ya maziwa yaliyochacha, na kioo cha upande ule kikapata ukungu katika jua lile la kukausha mifupa, naye Mayala akakaza macho barabarani asigeuke, akijua kabisa kwamba akigeuka ataonana naye, akaendesha hivyo hivyo shingo ikimuuma, jasho likimwingia machoni, na ubavuni mwake mtu akipumua kwa mwendo ule ule aliokuwa akipumua yeye.

Nassa walimpokea kwa vigelegele. Mzee Mboje alisimama mlangoni akitabasamu. Nyamizi akatoka na furushi lake kichwani, amesuka nywele, akitembea haraka kama msichana. Mayala alimwona akakaribia kulia. Kisha Nyamizi akasimama.

"Umekuja na nani?" aliuliza polepole.

"Peke yangu."

"Na huyo aliyekaa mbele? Mbona amelowa?"

Mayala alikwenda kwenye buti. Alichukua jeki na spana, akaliinua gari mbele ya ukwe mzima, akafungua nati moja baada ya nyingine, akalivuta lile gurudumu na kulisukuma mpaka likaangukia mbali kwenye majani. Pijo ikabaki imepiga goti juu ya jeki mbele ya Mzee Mboje, na Mayala hakuona aibu hata chembe.

"Nisamehe," alimwambia mkewe. "Niliogopa kuchekwa. Acha gari. Tupande basi, au tukae hapa hapa, vyovyote utakavyo. Nitaongea na wewe kila siku, Nyamizi. Kila siku."

Nyamizi akachungulia kwenye kiti. "Hayupo," alisema. Uso ukamlegea, akatabasamu, akanyoosha mkono na kupiga hatua moja kumwendea mumewe. Ya pili hakuipiga. Macho yake yalikuwa yamehama, yanatazama juu ya bega la Mayala.

"Mume wangu," alinong'ona, "usigeuke. Amesimama nyuma yako. Amekushika shati."

Mayala alisikia ubaridi mgongoni, pale kitambaa kilipoanza kulowa. Akamtazama Nyamizi, msuko mmoja mmoja, kwa sababu alijua sasa kwamba maneno yote aliyompa yule yamekuwa nyumba, na popote atakapolala yeye, na huyu atalala hapo hapo. Alitamani kumshika mkono, kumshika tu. Akaurudisha mkono wake mfukoni.

"Ingia ndani kwa baba," alisema. "Funga mlango."

Akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani. Nyamizi akamwita, akamwita tena, na kila alipoita Mayala alihisi yule wa nyuma akitaka kugeuka. Kwa hiyo alifanya kitu pekee alichojua kwamba kitamshughulisha.

"Nikueleze, Luhaga," alianza, akikaza mwendo, machozi yakimtoka. "Siku ya kwanza kumwona huyu mwanamke, alikuwa anachambua pamba."